Mchoraji Aliyepigania Nchi Iliyombagua





Katika semina zetu tumezoea kuitafakari haki kwa msaada wa Maandiko Matakatifu na hati za Kanisa. Leo tunapenda kuyatazama maisha ya Mmarekani mweusi, Horace Pippin, ambaye hakuwa mwanatheolojia wala msomi, bali askari aliyerudi kutoka vitani na kilema, kisha akawa mchoraji.

Pippin alizaliwa mwaka 1888 huko West Chester, Pennsylvania. Mwaka 1917 nchi yake iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza, ikisema kwamba inakwenda kuitetea demokrasia duniani. Naye alijiandikisha. Lakini jeshi lile lile liliwatenga watu weusi katika vikosi vya peke yao. Kikosi chake, kilichokuja kuitwa Rejimenti ya 369, kilipofika Ufaransa kilipewa kwanza kazi za sulubu, kama vile kutandika reli. Mwaka 1918 wakuu wa Marekani wakakikabidhi kwa jeshi la Ufaransa, nacho kikakaa mstari wa mbele siku 191.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaielewa habari hii. Katika vita hiyo hiyo wazee wetu walichukuliwa kwa maelfu ili kuwabebea mizigo wakubwa wa kikoloni. Jina la Kariakoo, pale Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi hao.

Katika mapigano ya mwisho ya mwaka 1918, Pippin alipigwa risasi begani, upande wa kulia, akaanguka shimoni. Askari mmoja Mfaransa alipochungulia ili amtazame, alipigwa risasi naye, akamwangukia akiwa maiti. Pippin hakuwa na nguvu za kumwondoa. Baadaye aliandika kwamba uhai wake shimoni mle aliupata kwa mkate na maji ya marehemu yule. Ndugu zangu, katika shimo lile mkate haukuuliza rangi ya mlaji.

Ufaransa ilikitunuku kikosi hicho medali ya vita. Nchi yake mwenyewe ilimpa Pippin medali ya majeruhi mwaka 1945, miaka 27 baada ya kujeruhiwa. Na mwaka 1919 baadhi ya askari weusi waliorudi nyumbani waliuawa na makundi ya raia wenzao, bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote.

Mkono wake wa kulia haukuweza tena kuinuka ipasavyo, hivyo aliushikilia kwa mkono wa kushoto, na ndivyo alivyochora. Mchoro wake wa kwanza wa rangi, unaohusu mwisho wa vita, ulimchukua miaka kama mitatu.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja, jeshi lilikuwa bado limegawanyika. Mwaka 1943 alichora picha aliyoiita Bwana Ubaguzi. Humo mtu anapigilia kabari kwa nyundo katika herufi V, alama ya ushindi, naye anaipasua. Chini wamesimama askari, weusi upande mmoja, weupe upande mwingine. Maana yake ni wazi: anayempasua ndugu yake anaupasua pia ushindi wake mwenyewe.

Je, Pippin alikata tamaa? La. Kuanzia mwaka 1944 alichora Mlima Mtakatifu, akifuata unabii wa Isaya, sura ya 11, ambamo wanyama wakali na wapole wanaishi pamoja. Picha ya tatu aliiandika tarehe 9 Agosti 1945, siku ambayo Nagasaki ilipigwa bomu. Lakini ukitazama vizuri, nyuma ya amani ile, kati ya miti ya msitu, utaona askari wadogo na misalaba ya makaburi. Hakuificha kweli ili amani ipendeze.

Pippin alifariki mwaka 1946. Amri ya Rais Truman ya kuondoa ubaguzi jeshini ilitolewa mwaka 1948.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya *Gaudium et Spes*, namba 29, unafundisha kwamba ubaguzi wa rangi ni kinyume cha mpango wa Mungu. Basi tusiwahukumu Wamarekani peke yao. Nasi tunazo kabari zetu: kabila, mali, elimu. Kila tunapomwita mtu siku ya kazi ngumu na kumsahau siku ya kupanga na kushukuru, nyundo imo mikononi mwetu. Tuiweke chini, na tuwe tayari kuyataja makaburi yaliyo nyuma ya amani yetu.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:
1. Katika parokia yetu, ni nani wanaoitwa kufanya kazi lakini hawaitwi kuamua?
2. Ni dhuluma gani tunayoificha ili tuonekane tuna amani?
3. Jumuiya yetu itachukua hatua gani moja kabla ya Pasaka?