Fensi Ndiyo Inayotanua Mji



Wenzetu wa Dar es Salaam wana ubishi wao usioisha. Jiji limeshafika Kibaha upande huu na Mkuranga upande ule, mfanyakazi anaamka saa kumi alfajiri ili awahi kazi ya saa mbili, na kila jambo hilo likizungumzwa anatokea mtu na dawa yake: tujenge kwenda juu, ghorofa ndefu na nyingi, watu wabanane katikati. Ubishi huo sasa umepanda treni ukateremkia kwetu Kilosa, mkoani Morogoro. Tangu reli ya kisasa, SGR, ya Dar es Salaam hadi Dodoma izinduliwe rasmi Agosti 2024, na stesheni yetu ikiwa njiani, hukosi kumsikia mtu kijiweni akisema Kilosa haitaitwa mji mpaka ipate ghorofa. Mikumi nako wimbo ni huo huo, ila wao wanautia na utalii.

Mimi naona tunaangalia juu bure. Kinachotanua miji yetu midogo kiko usawa wa macho, na ni fensi.

Hebu ikumbuke nyumba ya Kiswahili. Vyumba vitatu mkono wa kulia, vitatu mkono wa kushoto, ukumbi katikati, uani jiko, choo na kamba ya kuanikia. Mwenye nyumba na familia yake wanashika vyumba viwili, vilivyobaki wanakaa wapangaji: karani wa reli, mama muuza vitumbua, kijana fundi cherehani. Kiwanja kimoja, kaya nne au tano, bila lifti na bila mhandisi kutoka ng'ambo. Kariakoo ilianza hivyo. Ng'ambo ya Unguja ilikuwa hivyo. Na mitaa ya zamani ya miji iliyozaliwa na Reli ya Kati, ile ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma mwaka 1914, ilijibana karibu na stesheni kwa sababu rahisi: watu walitembea kwa miguu.

Sasa tazama tunachojenga leo. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, baraza, nafasi ya gari hata kwa asiye na gari, kisha ukuta na geti. Kaya moja. Chukua mtaa wa nyumba 20 uliokuwa ukibeba kaya 80; ukiujenga upya kwa mtindo huu utabeba kaya 20. Zile 60 hazijafa, msikilizaji. Zinatafuta pa kwenda, na zitakwenda shambani, bondeni, au mpakani mwa hifadhi.

Sidharau hamu ya mtu kuwa na choo chake. Aliyewahi kugombana na wapangaji wenzake juu ya luku moja ya nyumba nzima, nani kachomeka pasi, nani ana friji na hachangii, anajua kwa nini mtu akipata vijisenti anakimbilia kiwanja cha pembeni. Lakini umbali una bei, na bei hiyo imeandikwa. Mwaka 2022 TANESCO walipotangaza gharama za kuunganisha umeme wa njia moja kwa mteja wa mjini, aliye ndani ya mita 30 bila kuhitaji nguzo alitakiwa shilingi 320,960. Anayehitaji nguzo moja, 515,618. Nguzo mbili, 696,670. Nyumba ni zile zile, taa ni zile zile. Tofauti ni mita. Na huo ni umeme tu, ambao walau mteja anaulipia mwenyewe. Mita za bomba la maji na mita za barabara ya mtaa tunazilipia sote, kupitia mamlaka za maji na wakala wa barabara, TARURA, ndiyo maana bomba huchelewa na greda halionekani.

Huku kwetu kuna jambo zito kuliko bei. Kilosa mjini ina milima upande mmoja na Mto Mkondoa katikati ya maisha yake. Mwishoni mwa Desemba 2009 tuta lililoukinga mji lilibomoka, maji yakaingia majumbani, maelfu wakalala kwenye mahema, na reli kati ya Kilosa na Gulwe ikavunjwavunjwa. Januari 2014 ikawa zamu ya Magole na Dumila, daraja likaondoka na barabara kuu ikakatika. Ardhi tambarare iliyo wazi karibu na mji, ile ambayo dalali anakuonyesha akisema hapa mzee hakuna hata kisiki, mara nyingi iko wazi kwa sababu mto huwa unaitumia. Kila hatua ya mji kwenda nje upande wa bondeni ni hatua ya kuufuata mto kitandani kwake.

Mikumi nayo imebanwa kwa namna nyingine. Upande mmoja iko hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, kilomita za mraba 3,230, ambayo barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inaipasua kwa kilomita kama 50. Upande mwingine ni milima. Ukishika njia ya Kidatu unaingia kwenye miwa ya Ruhembe na Kidodi, shamba ambalo mwenye akili hawezi kulipanda tofali. Kwa hiyo mji umefanya kitu pekee ulichoachiwa: umejinyoosha kandokando ya lami, gesti baada ya gesti, kibanda baada ya kibanda, na malori ya Zambia na Kongo yakipita mlangoni. Anayesogea nje ya mstari huo anasogelea ushoroba, njia ya tembo. Tembo hana habari na hati miliki. Akikuta mahindi yako yamesimama alipozoea kupita, atakula, na mwaka mzima wa jembe utakuwa umekwisha usiku mmoja.

Tena hatuanzi leo kuambiwa tuishi karibu karibu. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere akilihutubia Bunge kama Rais mpya wa Jamhuri, alieleza kwamba watu wakiendelea kuishi wametawanyika, trekta, shule, maji na hospitali haviwezi kuwafikia. Miaka 11 baadaye maelezo yakageuka amri: hadi mwisho wa 1976 kila mtu awe kijijini. Hesabu ya Mwalimu ilikuwa sahihi, na bado ni sahihi. Utekelezaji ndio uliotia doa. Watu walihamishwa kwa lori, wengine nyumba zao zikibomolewa nyuma yao, wakapangwa kwenye mstari wa barabara kabla kisima hakijachimbwa. Ukitoka Dumila ukaja Kilosa kwa Msowero na Rudewa, ukaziona nyumba zilivyojipanga kufuata njia, ujue kwa sehemu unaona mkono wa operesheni ile ya vijiji. Ndiyo maana mzee wa huku ukimwambia habari ya kubana makazi anakukodolea macho kwanza.

Basi ghorofa je? Twende Dar tukaone. Kuna Magomeni Kota, ambako kaya 644 zilizoondolewa kwenye nyumba za zamani zilijengewa majengo ya ghorofa, na Rais Samia akayazindua Machi 2022. Hapo serikali ilitoa fedha, ikaweka maji, mfumo wa majitaka na lifti. (Sisi nasi Kilosa tuna kata ya Magomeni, yetu inaulizia tuta kwanza.) Kisha kuna Kariakoo, ambako viwanja vilivyobuniwa kwa nyumba ya vyumba sita vimebebeshwa ghorofa nane, kumi, huku mitaa ikibaki na upana ule ule. Novemba 16, 2024, jengo moja huko lilianguka na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Miaka 11 nyuma, Machi 2013, jengo lililokuwa likiendelea kujengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliua watu 36. Ikiwa Dar es Salaam, penye wahandisi na maabara za zege, nondo zinaibwa na kibali kinageuzwa, nani atapanda ngazi kukagua ghorofa ya sita hapa Kilosa?

Na kuna choo. Huu ndio mfupa wenyewe, na wapenda ghorofa huuruka. Miji yetu hii inategemea shimo na gari la kunyonya. Ukiwabananisha watu bila majitaka, shimo la jirani na kisima chako vinakuwa ndugu, na kipindupindu hakibishi hodi. Tulikiona kile kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 kikasambaa mikoani, Morogoro ikiwemo. Kwa hiyo nikisema tubanane, sisemi tubanane vivi hivi.

Ninachokitaka ni kidogo na hakina picha nzuri ya kubandika ukutani. Kuzunguka stendi ya Mikumi na stesheni ya Kilosa, penye ardhi salama, kibali cha ujenzi kidai msingi unaoweza kubeba ghorofa moja juu: duka chini, vyumba vya kupanga juu, shimo la choo la pamoja lililojengwa kitaalamu badala ya mashimo matano ya kienyeji. Nyumba ya Kiswahili irudi, safari hii kila mpangaji akiwa na bomba lake na luku yake. Nyumba hiyo fundi wa hapa hapa anaimudu, na afisa wa halmashauri anaweza kuikagua akiwa amesimama chini.

Kabla ya hapo kuna kazi ambayo haihitaji hata mfuko wa saruji. Pita katikati ya mji uhesabu mapagale, na viwanja vilivyozungushiwa ukuta vikaota majani tangu mwenyewe ahamie Dodoma. Hati nyingi zimeweka sharti: kiwanja kiendelezwe ndani ya miezi 36. Sharti hilo lipo kwenye karatasi, mwenye kiwanja ametia sahihi yake, na afisa ardhi ana nakala. Halmashauri inapotangaza kupima viwanja vipya huko bondeni au huko kwa tembo, msikilizaji uliyeko kwenye mkutano nyoosha mkono. Omba kwanza isomwe orodha ya vile vya zamani ambavyo miezi yake imepita.