Kuku wa Mbegu Asichinjwe



Katika maboma mengi ya Kenya, kuanzia Kakamega hata Machakos na Kilifi, mna kuku wachache wanaozunguka uani, na mwenye mji akiulizwa idadi yao hujibu kwamba ni kumi au kumi na wawili. Akiulizwa tena baada ya mwaka, jibu ni lile lile. Kuku wametaga, wameatamia, wameangua, na hali idadi haikusogea mbele. Wengine husema ni mwewe, wengine husema ni mdondo, na wengine husema ni bahati mbaya. Mwewe na mdondo ni adui wa kweli, nao watatajwa. Lakini liko jambo jingine ambalo hutoka mkononi mwa mwenye kuku mwenyewe.

Mgeni wa heshima akifika, huchinjwa jogoo aliye mkubwa kuliko wote, kwa maana ni aibu kumwandalia mgeni kuku mwembamba. Karo ya shule ikitakiwa, hupelekwa sokoni mtetea mzito, kwa kuwa ndiye atakayeleta fedha nyingi. Mtoto akiugua, hali ni hiyo hiyo. Wanaobaki kuzaa ni wale ambao hawakustahili kupewa mgeni, na ambao mnunuzi aliwapapasa kifua akawarudisha. Mwaka hata mwaka walio bora huondoka, na walio duni huwa ndio wazazi. Hakuna mkulima ambaye hula mahindi yake mazuri yote, kisha akapanda yale yaliyotobolewa na fukusi. Ajabu ni kwamba kwa kuku, watu hodari kabisa hufanya hivyo bila kujua.

Yafaa basi kuku wa mbegu wachaguliwe mapema, wangali tembe na pora, wafungwe uzi wa rangi mguuni, na jamaa wote wa nyumbani wawajue. Katika miji mingi kuku ni mali ya mama, lakini neno la kuchinja hutoka kwa baba. Wawili hawa na wapatane kabla mgeni hajabisha hodi, wala si wakati kisu kimekwisha kunolewa. Heshima ya mgeni haipungui akiandaliwa pora aliyenona. Firigisi ni firigisi.

Jogoo ndiye wa kuangaliwa zaidi. Mtetea ni mama wa vifaranga wake tu, bali jogoo ni baba wa vifaranga wa boma zima. Kasoro yake huenea katika kila kiota. Jogoo mmoja mwenye nguvu hutosha mitetea kumi. Na achaguliwe yule aliyekua upesi kuliko ndugu zake, mwenye miguu iliyonyoka, macho maangavu na kifua kipana. Tena asikae mpaka akawapanda binti zake, kwa sababu damu moja ikirudiwa rudiwa, mayai mengi hayaangui na vifaranga huzaliwa dhaifu. Dawa yake haihitaji fedha: binti zake wakikaribia kutaga, jogoo abadilishwe na wa mtu anayekaa mbali kidogo. Jirani wa karibu hafai, kwa kuwa huenda jogoo wake ni ndugu yake huyu.

Kwa upande wa mitetea, uzito peke yake usimdanganye mtu. Koo bora ni yule anayetulia juu ya mayai, asiyeyakanyaga, na anayetoka na vifaranga wengi akawafikisha ukubwani. Yuko mtetea mnene anayeng'aa manyoya ambaye kila mara huacha mayai yakapoa. Huyo ndiye wa kupelekwa sokoni.

Mayai ya kuatamiwa yasikae zaidi ya siku saba hadi kumi, nayo yahifadhiwe mahali pa baridi, ncha nyembamba ikielekea chini. Koo wa kienyeji hufunika vizuri mayai kumi hadi kumi na manne kwa kadiri ya mwili wake. Akizidishiwa, ya pembeni hupoa yakawa viza. Kiota kinyunyiziwe majivu kabla hajaanza kulalia, maana utitiri ukimshambulia huondoka hata kama zimebaki siku mbili. Usiku wa siku ya saba mayai yamulikwe moja moja gizani, kwa tochi au kwa taa ya simu: lenye uhai huonyesha mishipa myembamba kama mizizi, na lisilo na kitu huwa jeupe tupu. Siku ya ishirini na moja vifaranga hutoka.

Wenye maarifa hulaza makoo wawili siku moja. Vifaranga wanapotoka, wote hupewa koo mmoja wakati wa usiku, naye akiamka huwalea kama wake, na yule mwingine hurudi kutaga mapema. Mtu mwenye kuku sita tu aweza kufanya hivi.

Hasara kubwa huwa katika majuma manane ya kwanza. Kifaranga aliyeachwa atembee na mama yake katika umande wa alfajiri huchoka, hulowa, hukaa nyuma, na hapo mwewe humpata. Tenga lililofumwa kwa fito, likafunikwa juu ya vifaranga mchana, huokoa wengi kuliko mawe ya watoto wanaofukuza mwewe. Ndani yake wapewe mahindi yaliyovunjwa vunjwa, mchwa, dagaa waliosagwa na majani mabichi, pamoja na maji katika sahani yenye vijiwe ndani ili wasizame. Usiku walale ndani, mahali pakavu, pasipopitika kicheche.

Lakini kazi hii yote yaweza kupotea katika juma moja kwa ajili ya mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu umejulikana Kenya tangu mwaka 1935. Kuku husinzia, huharisha kijani, hupinda shingo, na boma huwa tupu. Hauna dawa ya kuuponya. Una chanjo ya kuuzuia, tone moja jichoni, hurudiwa kila miezi mitatu, kwa kuku walio wazima tu. Chupa huwa na chanjo ya kuku wengi, na ikishachanganywa haiwekwi mpaka kesho. Ndiyo sababu mwenye kuku kumi huona ni gharama bure. Majirani kumi wakichanga, wakachanja siku moja, gharama ya kila mmoja huwa ndogo sana, na ugonjwa hukosa boma la kuingilia.

Kuku wakianza kusinzia, wako watu ambao hukimbilia kuwauza. Hivyo ndivyo mdondo unavyosafiri kutoka soko hadi soko, hasa wakati wa Krismasi. Kwa hiyo kuku yeyote anayetoka sokoni atengwe siku kumi na nne mbali na wenzake, hata kama ni yule yule aliyepelekwa huko asubuhi akakosa mnunuzi.