Baada ya Homa: Viungo na Usingizi wa Wazee Wetu



Mwezi wa sita na wa saba, baridi inapoushika mji wetu wa Lubumbashi, ulio mita 1,200 hivi juu ya bahari, kila mzee anayelalamikia viungo huambiwa ni baridi. Akisema hapati usingizi, huambiwa ni uzee. Majibu hayo nayapinga. Miongoni mwa wazee hao wamo ambao maumivu yao yalianza na homa, na homa hiyo tuliiita malaria bila kupima damu.

Chukueni homa ya chikungunya. Kirusi chake kilitambuliwa katika mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Kinshasa iliugua 1999, Lamu, pwani ya Kenya, 2004. Katika kisiwa cha Réunion, 2005 na 2006, zaidi ya theluthi moja ya wakazi waliambukizwa. Homa yenyewe huisha kwa wiki moja hivi. Viungo ndivyo hubaki vikiuma miezi, pengine miaka, na kadiri mtu alivyo na umri mkubwa ndivyo hatari hiyo inavyozidi.

Ebola nayo ina mkia. Baada ya mlipuko wa 2007 wa Bundibugyo, Uganda, watafiti walirudi miaka zaidi ya miwili baadaye, wakawalinganisha waliopona na watu waliokaa karibu nao bila kuambukizwa. Waliopona walisumbuliwa zaidi na macho, masikio, viungo, na kukosa usingizi.

Viungo na usingizi kutajwa pamoja si bahati. Mwaka 1975, kule Toronto, mtafiti wa usingizi Harvey Moldofsky na wenzake waliwavuruga watu wazima wa afya katika usingizi wao mzito, usiku baada ya usiku; wakaanza kuumwa misuli bila ugonjwa wowote. Baada ya mlipuko wa SARS wa 2003 aliwachunguza watu wa mji huo huo walioupona ugonjwa huo, wengi wao wahudumu wa afya: mwili mzima uliwauma, walichoka, na usingizi wao ulikuwa umeharibika. Maumivu hufukuza usingizi, na usingizi ukikosekana maumivu huzidi.

Sasa mtazameni mzee mmoja wa mgodini. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kampuni ya migodi ya Gécamines kwa mpango wa hiari, na wengi wakapoteza matibabu ya kampuni. Leo wao ndio wazee wetu. Saa tisa usiku mzee huyo ameketi ukingoni mwa kitanda, anasugua magoti. Kukicha hawezi kukunja ngumi wala kufungua chupa ya maji, mpaka jua lipande. Muulizeni ugumu huo hudumu muda gani. Dakika chache, huenda ni viungo vilivyochakaa. Saa nzima na zaidi, tafuteni uvimbe ndani ya kiungo, na mumuulize kama kabla ya ugumu huo alipata homa.

Kwa kawaida hatuulizi, naye huenda kununua vidonge ndani ya kikaratasi kisicho na jina: diklofenaki na deksametasoni. Hili linanihuzunisha kuliko yote. Diklofenaki huweza kumtoboa mzee tumbo, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Deksametasoni humpa nafuu ya haraka, lakini huweza kupandisha sukari, kudhoofisha mifupa, na kumnyima usingizi ule ule anaoutafuta. Akiwa ameitumia kwa muda mrefu, msimwambie aiache ghafla. Ipunguzwe kidogo kidogo chini ya macho ya daktari.

Na wale wanaofunga dirisha na kuweka mbabula ya makala chumbani ili magoti yapate joto, wakatazwe leo hii: moshi wake usioonekana huua watu wakiwa wamelala. Chupa ya maji ya moto, ikifungwa kwa kitambaa, inatosha. Parasetamoli kwa kipimo, kutembea kila siku hata kwa hatua fupi, kuamka saa ile ile, kupunguza usingizi wa mchana: hayo hayahitaji mashine.

Ninachoomba kwa Kitivo chetu cha Udaktari ni hiki. Kila mzee mwenye homa na maumivu ya viungo apimwe malaria kwanza, na damu yake kidogo ihifadhiwe kwa kupima virusi. Baada ya miezi mitatu aitwe tena, na kwenye kadi yake yaandikwe mambo mawili: viungo gani bado vinauma, na usiku analala saa ngapi.