Kufungiwa Nyumba kwa Ajili ya Kodi

(Mazungumzo na vijana baada ya Taraweh)



Ndugu zangu vijana, na mama zetu mlio nyuma ya pazia, leo sitazungumza juu ya yanayobatilisha saumu. Hayo mmeyasikia tangu mwezi uandame. Nataka tuzungumze juu ya kufuli.

Ramadhani moja nilikuwa nimepanga chumba katika nyumba ya Kiswahili hapa Mombasa. Vyumba sita, choo kimoja, mlango wa mbele mmoja. Mimi nilikuwa nimelipa. Jirani wa chumba cha nyuma alikuwa na deni la miezi miwili. Basi siku moja natoka kazini, magharibi imekaribia, tende ziko mkononi, nakuta mwenye nyumba ametia kufuli mlango wa mbele. Sote nje! Mama mmoja alifuturu barazani na dawa ya mtoto wake iko ndani. Namwuliza mwenye nyumba, ananijibu, "Mwambieni mwenzenu alipe, nitafungua."

Sikujua la kusema. Tulichangisha tukalipa, kufuli likatolewa.

Sasa sikilizeni. Kodi ni deni, na deni hulipwa. Sikuja hapa kuwafunza kula haki ya mtu. Lakini kudai ni jambo moja, na kumfungia mtu nje ni jambo jingine. Nyumba za kukaa ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi zina sheria yake, Sura ya 296 ya sheria za Kenya, na baraza lake la kusikiza kesi. Kwa sheria hiyo, mwenye nyumba akimtoa mpangaji bila idhini ya baraza amefanya kosa. Akimsumbua makusudi ili ahame, pia ni kosa. Najua vyumba vya bei hiyo vimekuwa haba siku hizi. Kodi ikizidi hapo, kesi huenda kortini, na huko pia anayeamua mtu atoke ni korti, si mwenye nyumba na wapwa zake. Hata kushika vyombo kwa deni la kodi kuna sheria, Sura ya 293, na anayeshika ni dalali mwenye leseni.

Na deni la jirani je? Kama kila mtu amepanga chumba chake, deni lake si lako. Ila kama mlitia sahihi mkataba mmoja pamoja, yule mmoja akishindwa mwaweza kudaiwa nyote. Vijana wengi hutia sahihi bila kusoma, halafu ndipo waulizane.

Kuna wanaoniambia, "Si twende kwa Kadhi, sote Waislamu?" Jamani, Katiba ya 2010, ibara ya 170, imempa Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Kodi haimo. Imamu au mzee wa mtaa aweza kuwapatanisha, na ni vizuri kuanzia hapo, lakini neno lake si amri ya korti.

Ukifungiwa, usivunje kufuli. Ukivunja, kesi itageuka, wewe ndiwe utakayeshtakiwa. Piga picha mlango, na saa ionekane. Ita majirani wawili washuhudie. Nenda polisi uandikishe, upewe nambari ya OB. Wakikwambia hayo ni mambo ya kodi, waambie wewe hukuja kwa kodi, umekuja kwa kuwa umezuiwa kuingia unakoishi. Kisha tafuta msaada wa sheria. Kituo cha Sheria wana ofisi hapa Mombasa. Na risiti zako, au ujumbe wa M-Pesa, usifute. Anayelipa mkononi bila karatasi, huyo atapata taabu sana kuthibitisha.

Wenye nyumba nao tusiwasahau. Wengine ni wajane, chumba kile ndicho unga wao. Kama huna, nenda kwake mapema useme, usijifiche ukingoja abishe mlango. Naye mwenye nyumba aifungue Suratul Baqara, aya ya 280, asome juu ya kumngoja mdaiwa mwenye dhiki. Kisha asome Suratu Nur, aya ya 27, juu ya kuingia nyumba za watu bila idhini, kwani kuna wenye nyumba wanaobaki na ufunguo wa pili wakaingia mpangaji akiwa kazini.

Yule jirani yetu, baadaye tulijua alikuwa amefutwa kazi Shaabani, akaona haya kutwambia.

Haya, mwenye swali na aulize.