Sheria na Mkono Unaoitekeleza

Hotuba ya wakili mbele ya wanaharakati na waumini, Machakos



Nimeombwa nizungumze juu ya sheria na utekelezaji wake. Nilipoipokea barua ya mwaliko nilidhani kwamba kwa mtu wa kazi yangu mada hii ni nyepesi. Baadaye nikakumbuka kwamba nitakuwa nikizungumza katika kaunti ambayo ndani yake imo mahakama ya Mavoko, nikatambua kwamba hapa kwetu mada hii ina makaburi. Kwa hiyo mtaniwia radhi nisipochekesha.

Nianze na kesi ambayo vijana wengi hawajaisikia. Mwaka 1989 ilifikishwa katika Mahakama Kuu mjini Nairobi kesi ya Maina Mbacha na wenzake dhidi ya Mkuu wa Sheria. Walalamishi walisema kwamba haki zao za kikatiba zilikuwa zikikiukwa. Katiba ya wakati ule ilikuwa na sura nzima ya haki za binadamu, na kifungu cha 84 kilimruhusu mtu aliyedhulumiwa kwenda Mahakama Kuu kutafuta nafuu. Kifungu hichohicho kilimpa Jaji Mkuu uwezo wa kutunga kanuni za jinsi ya kufungua kesi za namna hiyo. Kanuni hizo hazikuwa zimetungwa. Jaji Dugdale akaamua kwamba kwa kuwa hakuna kanuni, kifungu chenyewe hakiwezi kufanya kazi. Kwa maneno mengine, haki zipo, zimechapishwa vizuri na mpiga chapa wa Serikali, lakini mwananchi hana mlango wa kuingilia ili azidai.

Yafikirieni hayo, ndugu zangu. Hazikuwa nyakati za kawaida. Mwaka 1982 kifungu cha 2A kilikuwa kimeifanya nchi hii kuwa ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria. Mwaka 1988 watu walikuwa wamepigishwa foleni nyuma ya wagombea katika ule uchaguzi wa mlolongo, na makanisa yakapaza sauti kuupinga. Watu walikuwa wakiwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Katika majira hayo, raia anabisha hodi mahakamani, naye anajibiwa kwamba mtu wa kutengeneza ufunguo hajautengeneza. Hakuna aliyehitaji kuifuta sura ya haki. Ilitosha kukaa kimya na kutoitungia kanuni.

Walioiandika Katiba ya 2010 walilikumbuka jambo hilo, na ndiyo maana huwaambia watu wasiisome ile Katiba kama kitabu cha maneno matamu. Someni kifungu cha 22. Kinasema kwamba kukosekana kwa kanuni hakumzuii mtu yeyote kufungua kesi ya kutetea haki zake na kusikilizwa. Kinasema kwamba hatatozwa ada ya kufungua kesi hiyo. Kinataka pia taratibu ziwe nyepesi, hata mahakama iweze kuipokea kesi kwa waraka usio rasmi, kama vile barua. Kila sentensi ya kifungu hicho ina kovu la mwaka 1989.

Lakini kovu hilo halikutuponya maradhi yote. Katiba hiyohiyo iliagiza kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Bunge lilishindwa kutunga sheria ya kulitekeleza agizo hilo, mahakama zikaliamuru, likashindwa tena. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge, kama Katiba inavyoelekeza. Bunge halikuvunjwa. Mwaka 2017 tulipata sheria ya kuanzisha huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo, ili mtu anapofia mikononi mwa dola, anayechunguza asiwe ndugu wa aliyeua. Miaka ikapita baada ya kutiwa sahihi, na huduma yenyewe haikuundwa. Sisi mawakili tuliinukuu katika makongamano. Marehemu hawakufaidika na nukuu zetu.

Wazee wetu husema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Nimeisikia methali hiyo ikitumiwa na kila mwanasiasa, hasa wale ambao msumeno haujawahi kuwagusa. Mimi naongeza jambo moja tu la fundi seremala. Msumeno hausogei wenyewe. Ukiachwa ukutani hula kutu, na ukishikwa na mkono usiofuata mstari uliochorwa, huharibu mbao na huenda ukakata vidole. Tumekwisha kuuona ule wa ukutani. Sasa tuutazame mkono.

Watu wa Ukambani hawahitaji kufundishwa habari za mkono huo. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba ng'ombe wa Wakamba wamezidi, ikaanza kuwachukua kwa nguvu na kuwauza. Amri zilikuwepo, na bila shaka zilikuwa na mhuri. Muindi Mbingu aliwaongoza watu wa wilaya hii, wanaume kwa wanawake, wakaenda Nairobi kumwona Gavana, wakapiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa. Muindi alihamishwa kwa amri ya serikali na kupelekwa Lamu. Hata hivyo ule mpango wa kunyang'anya mifugo kwa nguvu haukuweza kuendelea. Wale wazee walijua kwamba askari mwenye karatasi si lazima awe na sheria, kwa kuwa karatasi ile ilikuwa imeandikwa bila wenye ng'ombe kuulizwa.

Tuje karibu zaidi. Nyinyi wanaharakati mnaijua Sheria ya Utulivu wa Umma. Zamani ilimtaka mtu aombe leseni ya mkutano, na aliyekuwa na uwezo wa kuitoa ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuinyima. Kwa mageuzi ya mwaka 1997, yale yaliyotokana na mapatano ya wabunge wa pande zote, leseni iliondolewa. Sasa mwandalizi anatoa taarifa tu kwa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku tatu wala si zaidi ya siku kumi na nne kabla ya mkutano. Kifungu cha 37 cha Katiba kinalinda haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Hata hivyo, ni mara ngapi mmeambiwa mlangoni mwa kituo kwamba hamna kibali? Kibali kilifutwa mwaka 1997, na bado kinaishi vichwani mwa maafisa ambao baadhi yao walikuwa hawajazaliwa. Ofisa anayewatawanya watu kwa kukosa kitu ambacho sheria haikitaki, mwenye sare na rungu la serikali, wakati huo anatekeleza nini?

Sasa nifike Mavoko.

Mwaka 2015 kijana mmoja mwendesha bodaboda alipigwa risasi na afisa wa polisi aliposimamishwa barabarani, akajeruhiwa. Alifanya kile ambacho sisi sote huwashauri watu wafanye. Alipeleka malalamiko yake kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 kwa kazi hiyohiyo. Baada ya hapo yeye ndiye aliyejikuta akishitakiwa. Wakili wake, Willie Kimani, alikuwa akifanya kazi na shirika la Kikristo la kutetea haki, International Justice Mission. Tarehe 23 Juni 2016 walihudhuria kesi katika mahakama ya Mavoko. Walipotoka, wao wawili na dereva wa teksi aliyewabeba, walitekwa. Walifungiwa katika kambi ya polisi wa utawala pale Syokimau. Wiki moja baadaye miili yao ilipatikana katika mto Ol Donyo Sabuk.

Mimi ni wakili, na nakiri kwamba tangu siku zile siwezi kuliegesha gari nje ya mahakama bila kutazama nyuma. Lakini nataka tulitazame jambo hili kwa akili pia, si kwa machozi pekee. Sheria ilikuwepo, na ilikuwa nzuri. Katiba ilikuwepo, mamlaka ya kupokea malalamiko ilikuwepo, mahakama ilikuwa wazi siku ile na hakimu alikuwa kitini. Kilichokosekana ni mkono wa kumlinda mlalamishi kati ya mlango wa mahakama na barabara ya Mombasa. Na mkono uliokuwepo, wenye bunduki iliyonunuliwa kwa kodi yake, ulikuwa umekwisha kuiacha sheria. Maovu yote mawili niliyoombwa kuyazungumzia yalikutana hapo mchana kweupe, umbali wa mwendo mfupi tu kutoka ukumbi huu.

Yaliyofuata pia yanatufundisha. Mawakili waliandamana nchi nzima wakasusia mahakama. Kesi ilisikizwa kwa miaka. Tarehe 22 Julai 2022 Jaji Jessie Lessit aliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi na mpasha habari wao mmoja. Afisa mwingine aliachiliwa, kwa kuwa ushahidi dhidi yake haukutosha. Tarehe 3 Februari 2023 mmoja alihukumiwa kifo, na wengine vifungo vya miaka 30, 24 na 20. Wako waliokasirika kwamba yule mmoja aliachiliwa. Mimi sikukasirika. Wale watatu waliouawa hawakupewa jaji, wala wakili, wala nafasi ya kusema neno. Waliowaua walipewa vyote hivyo. Kama tungetaka wahukumiwe bila ushahidi, tungekuwa tunaomba zamu yetu ya kufanya yaleyale.

Na kesi hiyo ilianzaje kufunguka? Kikaratasi kilirushwa nje kutoka mahali walipofungiwa, kikiwa na nambari ya simu na ombi la msaada. Mpita njia mmoja alikiokota akapiga simu. Hakuwa afisa wa chombo chochote. Angeweza kukitupa akaenda zake, na katika nchi yetu hakuna ambaye angemlaumu kwa kuogopa.

Wapo waumini wanaoniambia, wakili, Maandiko yanatuamuru tuitii mamlaka, soma Warumi sura ya 13. Nimeisoma. Ila mtume aliyeiandika ndiye yule wa Matendo sura ya 22, ambaye askari walipomfunga kamba ili wampige mijeledi aliwauliza kama sheria inawaruhusu kumpiga raia wa Rumi asiyehukumiwa. Askari waliondoka, na jemadari wao akaogopa. Kabla ya hapo, kule Filipi, mahakimu walipotaka atoke gerezani kimyakimya, alikataa mpaka waje wenyewe kumtoa. Paulo hakuona kwamba kumkumbusha askari mipaka yake ni uasi. Aliijua sheria kwa jina, akaitaja kwa sauti, mbele ya mtu mwenye mjeledi mkononi.

Kwa hiyo niruhusuni niyaseme mambo machache ya kazi, kwa maana sikuja kuwahubiria watu wenye wahubiri wao. Wengi wenu mnaijua Ijumaa. Mtu hukamatwa Ijumaa jioni kwa sababu Katiba, katika kifungu cha 49, inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku isiyo ya mahakama basi ni siku ya mahakama inayofuata. Mlango huo uliwekwa kwa nia njema, na umegeuzwa ghala la kuwawekea watu. Mama mmoja alinijia Jumapili baada ya ibada. Mwanawe alikuwa korokoroni katika kituo ambacho sitakitaja, na alikuwa ameombwa pesa ili atolewe. Nilipofika nikaomba kuona kitabu cha matukio. Jina la kijana halikuwemo. Kwa vitabu vya serikali, kijana yule hakuwa mahali popote duniani. Niliomba jina na nambari ya ofisa wa zamu, nikaviandika polepole mbele yake. Baada ya robo saa kijana alikuwa ameandikwa, na jioni akatoka kwa dhamana ya polisi. Dhamana hiyo haina ada, ingawa vituo vingine husahau kulitaja hilo.

Mwaka 2024, baada ya maandamano ya Juni, watu walianza kuchukuliwa na wanaume wasio na sare, katika magari ambayo nambari zake hazikuweza kufuatiliwa. Kufikia Desemba mwaka huo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82. Mtu aliyechukuliwa namna hiyo hana kitabu alichoandikwa wala kituo cha kuendewa, na ndiyo maana nawasihi mfanye haraka. Kila parokia na kila ushirika uwe na watu wawili wanaojulikana, mwanamume na mwanamke, ambao habari za mtu aliyekamatwa zitawafikia usiku uleule. Waandike saa, mahali, nambari ya gari, na majina ya walioona. Waende kituoni wakiwa wawili, waulizie kitabu cha matukio kwa heshima, na wasiondoke bila nambari ya tukio. Kituo kikikana kumjua mtu huyo, wampigie wakili simu kabla ya kumpigia mwanasiasa. Ombi la kutaka mtu aletwe mbele ya jaji linaweza kuandikwa usiku mmoja, na Mahakama Kuu tunayo papa hapa Machakos.

Karatasi inazunguka sasa hivi kuanzia safu ya nyuma. Wanaokubali kazi hiyo waandike majina yao na makanisa yao, na mimi nitaketi nao Jumamosi ijayo asubuhi katika ukumbi huu, tufanye mazoezi ya kuandika taarifa na hati ya kiapo. Waje na kalamu. Ndugu Mwenyekiti, nimekwisha kuupita muda niliopewa, na naona mkono umeinuliwa kule dirishani.