Huzuni Ina Mtu wa Pili



Kuna usemi umeenea redioni, makanisani na kwenye semina za wajasiriamali: furaha ni uamuzi. Wanaousema ni hodari wa kusema, na watu hutoka kwenye mikutano yao wamechangamka. Nia yao siitilii shaka. Lakini usemi wenyewe si kweli, tena unamuumiza mtu aliyekwisha kuumia.

Nianze na hoja yao iliyo nzito. Wanasema: tazameni madereva wawili kwenye foleni ya malori ya kwenda Zambia na Kongo. Tangu mwaka 2019 tunacho kituo cha pamoja cha mpaka, Tunduma na Nakonde, na bado foleni tunazijua. Jua ni lile lile, nyaraka zimekwama pale pale. Mmoja amelala chini ya trela anapiga soga, mwenzake hali wala halali. Ikiwa hali ni moja na mioyo ni miwili, basi tofauti iko kichwani.

Inavutia, mpaka ukae na madereva. Nimekaa nao. Anayepiga soga tajiri wake amemtumia posho ya foleni, na jana usiku ameongea na mkewe. Mwenzake anakatwa kwa kila siku inayopita, na nyumbani simu inaita haipokelewi. Hali zao hazikuwa moja hata kidogo. Msemaji wetu aliona malori mawili, hakuona watu walioko upande wa pili wa zile simu.

Kuna kosa kubwa zaidi. Huzuni nzito huanza kwa kuula huo uwezo wa kuamua. Mtu ameshindwa kuamua aoge au asioge, nawe unamwambia aamue kufurahi! Akishindwa, na atashindwa, anaondoka na huzuni ile ile pamoja na hatia juu yake. Katika nchi ambayo kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, hatia tunayo ya kutosha.

Mama yangu mdogo aliishi hapa Chapwa, Tunduma, akiuza wali kwa madereva. Alipofiwa na mumewe aliacha kuuza, akaacha kusuka nywele, akaacha hata kuitikia salamu. Alipelekwa kwenye semina akaambiwa atabasamu kila asubuhi. Akarudi, akafunga mlango. Waliomfungua ni wanawake wawili wa kikoba chake, waliokuja kuuliza kwa nini hisa zake hazionekani. Hawakumhubiria. Walichukua ungo wakaanza kupepeta mchele wake, na katikati ya kupepeta ikatoka habari ambayo sisi ndugu hatukuwahi kuiuliza: shemeji zake walitaka kiwanja. Suala likafika kwa wazee wa ukoo na kwa mwenyekiti wa mtaa. Kabla hata halijaamuliwa, mama mdogo alikuwa amewasha jiko.

Mtaniambia huyo ni mtu mmoja. Haya, twendeni Uganda. Mwaka 2003 Paul Bolton na wenzake walichapisha utafiti walioufanya katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, sehemu iliyozika watu wengi kwa UKIMWI. Ninawapenda watafiti hawa kwa jambo moja wasomaji wengi hulipita: pamoja na kuhesabu dalili za sonona, walitaka kujua kama mtu anazimudu kazi zake, na orodha ya kazi hizo waliipata kwa wanavijiji wenyewe. Wanawake walitaja kupika, kufua, kulima na kumsaidia mfiwa. Wanaume walitaja kilimo, kuipangia familia na kuhudhuria maziko. Kumbe miongoni mwa vipimo vya nafuu kulikuwa na hiki: unaweza tena kwenda msibani?

Katika nusu ya vijiji waliunda vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, vikakutana kila wiki kwa dakika 90, wiki 16. Viongozi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa huko huko waliofunzwa kwa wiki mbili. Dawa hazikutolewa. Yalizungumzwa mambo ya kufiwa, ya ugomvi, na ya maisha yaliyobadilika ghafla. Kabla ya vikundi, waliokuwa na sonona kali walikuwa asilimia 86. Baadaye wakabaki asilimia 6.5. Katika vijiji visivyopata vikundi walitoka asilimia 94 hadi 54.7.

Mkosoaji makini ataikamata namba hiyo ya mwisho: hata wasiohudumiwa walipata nafuu. Ni kweli, muda nao hutibu. Ila muda ulikuwa mmoja kwa wote, na umaskini vilevile, na pengo lililobaki ni kubwa mno. Wala hakuna aliyeambiwa abadili mtazamo. Mtu aliulizwa amegombana na nani, na wiki iliyofuata akaulizwa wamefikia wapi.

   Vikundi havichukui nafasi ya hospitali: anayesikia sauti, au anayewaza kujiua, apelekwe hospitali leo. Hilo halina mjadala.

Limebaki pingamizi moja ninaloliheshimu: Chapwa si Rakai. Hapa ni mpakani, wapangaji wanahama, jirani humjui jina. Ndiyo. Lakini vikoba vinakutana kila wiki, na katibu wa kila kikoba anajua kabla ya ndugu nani hajaleta hisa. Ninaomba halmashauri yetu ianze na makatibu hao: mafunzo ya wiki mbili, kama Rakai, kisha waongoze vikundi, na tuhesabu kwa uwazi waliopata nafuu baada ya wiki 16.