Mshahara Mdogo Haukuiokoa Pareto
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Free Area, Nakuru)



Kuna neno ambalo matajiri hutuambia kila tunapokaa nao mezani: "Mkidai nyongeza, kazi itahamia nchi nyingine." Tumelisikia mara nyingi hata baadhi yetu wameanza kuliamini. Basi leo tulipime kwa jambo lililotokea hapa hapa Nakuru.

Wazee waliomo humu wanaikumbuka pareto. Mbegu yake ililetwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Wakati huo Wajapani ndio waliokuwa wakubwa wa biashara hiyo, lakini vita vya 1939 hadi 1945 vilipowakatia njia, soko likaja kwetu. Huko Molo, Mau Summit na Kinangop akina mama walichuma maua kwa mkono, yakakaushwa, na magunia yakaletwa kiwandani Nakuru kutolewa dawa. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya pareto yote ya dunia ilitoka Kenya.

Dawa hiyo ikasafirishwa Marekani na Ulaya. Huko ikachanganywa, ikatiwa makopo, ikapewa jina zuri na kuuzwa madukani. Faida kubwa ilibaki kule kazi ilikomalizikia. Mkulima wetu alipimiwa nguvu ya dawa iliyomo katika ua, nayo ni kama sehemu moja au mbili tu katika mia!

Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake, wataalamu wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini, dawa iliyofuata mfano wa pareto lakini isiyoharibiwa upesi na jua. Dawa hiyo haikuhitaji shamba wala mchumaji. Hata hivyo pareto haikufa, kwa maana wako wanunuzi wanaotaka dawa ya ua lenyewe. Soko lipo mpaka leo, ila anayeongoza sasa ni Tasmania, kisiwa cha Australia.

Hapa ndipo tunapotaka mtulie kidogo. Je, Tasmania walitushinda kwa kuwa na vibarua wa bei rahisi? Hata kidogo. Mfanyakazi wa Australia hupata kwa saa moja fedha inayozidi mshahara wa siku nzima wa kibarua wetu wa shamba. Walitushinda kwa mbegu iliyochaguliwa na wataalamu, na kwa mashine inayovuna shamba zima bila mkono wa mtu kugusa ua. Kwetu, katika miaka ya 2000, wakulima wengi walingoja malipo yao miezi, wengine miaka, mwisho wakang'oa pareto wakapanda viazi. Mchumaji wetu alikuwa rahisi tangu mwanzo hata mwisho, na kazi ikaondoka vile vile.

Hatusemi kwamba mshahara si gharama. Ni gharama, na tajiri ana haki ya kuihesabu. Lakini nchi inayouza jasho peke yake haina cha kushikilia bei inapovunjika. Watazameni wenzetu wa Naivasha. Waridi zao nyingi huuzwa mnadani Uholanzi. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga maduka ya Ulaya, maua yalitupwa na maelfu ya wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Bei ilianguka Aalsmeer, sufuria zikakauka Naivasha. Nao pia walikuwa wameambiwa kwamba wakidai sana, maua yatahamia Ethiopia.

Kwa hiyo, wakati mwingine tukitishwa kwa nchi nyingine, tusinyamaze. Tuulize: mwaka huu mmenunua mashine gani? Mmemfundisha nani kazi ya ufundi? Bidhaa inamaliziwa wapi, na kwa nini isimaliziwe hapa? Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, yasiishie midomoni.

Tena, kama mzazi wako aliuza pareto na risiti zake bado zimo sandukuni, tafadhali zilete kwa katibu. Tutazinakili na kumrudishia mwenyewe. Tungependa kuwa nazo siku ya kukaa mezani.